Mistari Iliyobaki Nje

Siku mashine ilipotoa jibu kwamba mtoto wa miaka miwili katika Mkoa wa Shinyanga ana uzito wa wastani wa kilo arobaini, Mektilda alicheka hadi machozi yakamtoka, mpaka Mama Dolatkhanu, mke wa mwenye duka la mbele, akaja mlangoni kuuliza kulikoni.

"Mama, watoto wetu wamegeuka ndama," Mektilda akamjibu huku akijifuta kwa ncha ya khanga. "Njoo uone maajabu."

Wala hayakuwa maajabu. Wapimaji kule vijijini walikuwa wameagizwa kwamba mtoto akikataa kupanda mizani, au mizani yenyewe ikiharibika, waandike tisini na tisa, maana yake huyu hakupimwa. Sasa mashine itajuaje? Ukiiandikia tisini na tisa yenyewe inameza kilo tisini na tisa, inajumlisha, inagawa, halafu inakutolea jibu bila haya. Mektilda akaandika amri ya kuifundisha adabu: ukikuta tisini na tisa, hapo ni patupu, paruke. Akaendesha hesabu upya. Zile kilo arobaini zikaporomoka hadi tisa na kitu, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Mama Dolatkhanu aliyesimama nyuma yake alisoma ile namba. "Afadhali ungewaacha ndama," akasema, akarudi zake dukani.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na saba. Mvua zilikuwa zimewadhihaki watu misimu miwili mfululizo, mtama ulikaukia shambani, na wanaume wenye nguvu walishachukua sururu zao kwenda Bulyanhulu kutafuta dhahabu, wakiwaachia wake zao watoto na njaa. Ndipo ukaja Mradi wa Lishe, ukafungua vituo vya uji katika baadhi ya vijiji. Mtoto anapelekwa asubuhi, anapewa uji wa maziwa ya unga, mama anarudi naye nyumbani. Kikubwa ni huo uji. Hayo mengine yote, magari, mikutano, na mashine yenyewe, yalikuja nyuma ya uji.

Mektilda alikuwa binti wa katekista wa Ushirombo. Alisomeshwa na masista, akaolewa, hakujaliwa mtoto, akaachika, yote hayo kabla hajatimiza miaka thelathini. Watu wa kwao walisema ana mkosi. Yeye akaenda Shinyanga mjini kuwa karani, na mradi ulipotafuta mtu wa kwenda Dar es Salaam kusomea lugha ya kompyuta ya takwimu, wanaume wa ofisini wakaogopa, akaenda yeye. Lugha yenyewe, jamani, haina utu. Haina shikamoo wala marahaba. Ukisahau nukta moja inanuna, haikuambii imenunia nini, unabaki unaikodolea macho tu. Lakini Mektilda aliipenda. Alipenda kwamba kila kitu kina safu yake na mstari wake, na mstari uliopotea mahali pake unaweza kuutafuta ukaurudisha. Katika maisha yake kulikuwa na mengi yaliyopotea ambayo hakuna amri ya kuyarudisha.

Kompyuta ilikaa chumba cha nyuma cha duka la Mohamedali, muuza vipuri vya baiskeli, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na jenereta ya kuaminika. Mzee huyo alilalamika kila siku kwamba mashine inakunywa dizeli kuliko lori, na kila siku aliiwasha jenereta mwenyewe. Mkubwa wa Mektilda aliitwa Bwana Ansgar, mratibu wa mradi, mtu wa Bukombe aliyesoma Ulaya. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema, maana mbele huko mtatamani kumpiga mawe.

Kazi ilikuwa hivi. Watoto walipimwa mara mbili: kabla vituo havijafunguliwa, na tena baada ya miezi kadhaa ya uji. Kwa hiyo kulikuwa na majedwali mawili. Mektilda alitakiwa ayaunganishe liwe moja, kila mtoto akae mstari mmoja na uzito wake wa kwanza na wa pili, ionekane amenenepa au amekonda. Mashine ingemtambuaje mtoto katika majedwali yote mawili? Kwa kijiji chake, jina la mama yake na jina lake mwenyewe. Yakilingana, mashine inawaunganisha. Yasipolingana, mstari unabaki nje.

Kwanza Bwana Ansgar alimwagiza afute walioandikwa mara mbili. "Ukiona mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, huyo ni mtoto mmoja kaandikwa mara mbili. Acha mmoja, futa mwingine."

Mektilda akaandika amri, lakini kabla ya kuiruhusu ifute akaitaka imwonyeshe kwanza nani wanaokwenda kufutwa. Lo! Doto, Doto, Doto, Doto, ukurasa mzima. Mashine ilikuwa inataka kuwamaliza wadogo wa mapacha wote wa mkoa! Nani wa Shinyanga asiyejua kwamba pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto? Akazirekebisha amri zake, Doto wakabaki hai, na Bwana Ansgar alipopokea wageni kutoka Dar akawasimulia kisa hicho, akimwonyesha Mektilda kwa mkono wazi. "Mnaona faida ya kumweka mwenyeji kwenye mashine?" akasema. "Mgeni angetuulia nusu ya mapacha."

Wageni wakampigia makofi. Mektilda akainamisha kichwa kwa heshima, lakini moyoni alivimba. Ndiyo, alivimba, na kwa nini asivimbe? Maskini akisifiwa mara moja kwa mwaka aambiwe asifurahi?

Halafu akayaunganisha majedwali. Wengi waliungana vizuri. Wengine wakabaki nje, kundi si dogo, upande huu na upande ule. Katika jedwali la kwanza palikuwa na watoto ambao hawakuonekana tena katika la pili, na katika la pili watoto ambao hawakuwamo katika la kwanza. Akampelekea Bwana Ansgar.

"Hawa wa kwanza wamehama," akasema Bwana Ansgar, "na hawa wa pili wamehamia. Hujui watu wetu? Leo Masumbwe, kesho wamefuata ng'ombe, keshokutwa wako Bulyanhulu. Mtoto aliyepimwa mara moja hatufai kitu, tutamlinganisha na nani? Asiye na mwenzake hana hesabu. Watoe."

Maneno ya mtu mzima yenye akili. Mimi mwenyewe ningeyakubali. Mektilda aliyakubali, tena kwa sababu yake ya pembeni: kati ya walioonekana kuhama alikuwamo Mihayo wa Masumbwe, mtoto wa Anisia, mdogo wake wa tumbo moja. Huyo mtoto alimpa jina yeye Mektilda, siku alipozaliwa, kwa kuwa siku hiyo maneno yalikuwa mengi nyumbani kwao na mihayo kwa Kisukuma ni maneno. Alimpenda kama wake. Kwa kweli hakuwa na mwingine wa kumpenda. Alipoona mstari wake umebaki nje alishtuka kidogo, kisha akajituliza. Marcelino, baba wa mtoto, alikuwa Bulyanhulu. Bila shaka Anisia amemfuata mumewe. Vizuri, akajisemea, angalau wako pamoja. Akaandika amri ya kuwatoa wote waliobaki nje, akabonyeza.

Jedwali likatoka safi. Safi mno! Watoto wamenenepa kijiji hadi kijiji, Masumbwe ndiko wamenenepa zaidi. Bwana Ansgar akalisafirisha Dar kwa treni, na jibu likaja kwa furaha: hongereni, kazi imekwisha, vituo vya Masumbwe na vijiji jirani vifungwe, maziwa ya unga yaliyobaki yapelekwe mkoa mwingine wenye shida zaidi. Bwana Ansgar akanunua soda kwa wafanyakazi wote. Mektilda akanywa yake taratibu, akiwa na raha.

Wiki hiyohiyo asubuhi, Mektilda akiwa ndiyo kwanza anaondoa kitambaa juu ya mashine, alimsikia Mohamedali akisema huko mbele, "Karani! Una mgeni." Akatoka. Ndani ya duka, katikati ya minyororo na matairi ya baiskeli, alisimama Anisia na mtoto mgongoni, vumbi la barabara ya Tinde limewapaka wote rangi moja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Anisia! Mbona hukuniarifu? Si mko Bulyanhulu?"

"Bulyanhulu kufanya nini? Niko Masumbwe palepale. Baba wa watoto ndiye yuko huko, na salamu zenyewe hazifiki." Akageuza mgongo ili mtoto aonekane. "Msalimie mama mkubwa, Mageni."

Mtoto hakusalimu. Nywele zake zilikuwa nyekundu na laini, za kuhesabika, miguu imevimba, macho hayamfuati mtu. Mektilda alimtazama akiwa hajaelewa. Mageni ni nani? Kisha akaona kovu dogo juu ya jicho, la siku ile Mihayo alipoangukia jiko.

"Anisia. Huyu si Mihayo?"

Anisia akatazama chini. "Nilikuonea haya, dada, jina ulimpa wewe. Lakini alikuwa halali, analia tu, hali kitu. Mama mkwe akaenda kwa mfumu kupiga ramli. Mfumu akasema ni guku anataka jina lake, babu yake Marcelino, yule marehemu mzee Mageni. Tukambadilisha. Alitulia siku chache." Akaanza kulia bila sauti. "Nawe ni mtoto wa katekista, nikasema utanigombeza."

Mektilda hakumgombeza. Angeanzia wapi? Yeye mwenyewe alibadilishwa jina akiwa na miezi sita. Mama yake alimnong'oneza habari hiyo jikoni, akamwonya asiseme mbele ya baba. Hakuna mtu wa nchi ile asiyelijua jambo hili. Mtoto akiumwa, akikonda, akilia bila sababu, huenda babu fulani analitaka jina, basi anapewa jina hilo. Na jina la mtoto likibadilika la mama nalo linabadilika. Jana alikuwa Mama Mihayo, leo ni Mama Mageni, na jirani akimwita kwa jina la zamani anaonekana anamtakia mtoto mabaya.

Sasa niambieni, ni mtoto gani anayebadilishwa jina? Mzima? Mnene? Nani ahangaike kumbadilishia jina mtoto anayecheza? Ni mgonjwa! Walionenepa walibaki na majina yao, mashine ikawaunganisha. Waliokonda walipewa majina ya mababu, mashine haikuwatambua wala wao wala mama zao, ikawaacha nje, na Mektilda kwa kidole chake mwenyewe akawatupa. Ndiyo maana jedwali likatoka limenawiri. Aliyewakumbuka Doto wote wa mkoa hakumkumbuka mtoto wake mwenyewe. Alipokaa mbele ya mashine ile alikuwa karani wa Dar. Mambo ya kunong'onezwa jikoni aliyaacha mlangoni pamoja na kandambili.

Aliwapeleka hospitali. Daktari akamtazama mtoto akasema hana ugonjwa mwingine, ana njaa. Alishwe kidogokidogo mara nyingi, na kwao si kuna kituo cha uji? Mektilda akasema, "Kipo." Hakusema kwamba wiki hiyohiyo kimeamriwa kufungwa.

Akawaweka chumbani kwake, akanunua maziwa kila alfajiri kwa wafugaji. Mchana alikuwa kwenye mashine. Akaitaka impe wale wote waliobaki nje, upande wa kwanza na upande wa pili, akaanza kutafuta nani ni nani. Jina la mama halifai, jina la mtoto halifai. Kilichobaki ni kijiji, balozi wa nyumba kumi, mvulana au msichana, na tarehe ya kuzaliwa, nayo nyingine imeandikwa tu kwamba alizaliwa wakati wa kupalilia pamba. Alipanga kwa balozi, akapanga kwa umri, akaziweka safu ubavu kwa ubavu. Hazikupita dakika nyingi akaona kile ambacho sasa hakikuhitaji kompyuta: majina ya jedwali la pili yalikuwa ya wazee. Watoto wa miaka miwili wanaoitwa majina ya watu waliokwishazikwa, mstari chini ya mstari. Na uzito wao, Mungu wangu, uzito wao!

Akamkuta na wa kwake. Mageni, mama yake Mama Mageni, kijiji Masumbwe. Mstari huo aliuandika mwenyewe kwa vidole vyake miezi michache nyuma, pengine akiwa anaimba. Mihayo alikuwa na kilo tisa. Mageni alikuwa na saba.

Anisia alimsaidia. Jioni, kabla ya giza, Mektilda alimsomea wa Masumbwe naye akasema, "Huyo ndiye yule, mtoto wa Epifania, zamani akiitwa hivi." Wengine hawakujulikana, akawaacha. Waliojulikana walitosha. Alipoyaunganisha upya majedwali na kuwaingiza, vijiji vilivyonenepa vikakonda, Masumbwe ikawa ya mwisho kabisa. Mektilda akachapa karatasi, akaenda nayo kwa Bwana Ansgar bila hata kubisha hodi.

Bwana Ansgar alisoma polepole. Alielewa mara moja. Yeye naye ni wa Bukombe. Akavua miwani.

"Nitaandika nini Dar?" akauliza. "Kwamba watoto wa kwetu wanabadilishwa majina na mizimu?"

"Andika hivyohivyo, Mzee. Ndivyo ilivyo."

"Mektilda, wewe hukai nao mezani. Mimi nakaa. Miaka yote hii nawaeleza kwamba watu wetu ni watu wa kisasa, wanasali, wanasoma. Leo nilete barua ya waganga na mababu? Watacheka mpaka wadondoke vitini."

"Wacheke. Wakimaliza kucheka watafungua vituo."

"Hapana." Akazikunja zile karatasi mara mbili. "Nitalituma jedwali jipya, hilo sikatai. Lakini sababu nitasema ni makosa ya kuandika. Makosa ya karani. Hilo litaeleweka haraka zaidi, wala halina maswali."

"Sema mimi nimekosea," Mektilda akasema. "Si nimekosea kweli? Andika jina langu. Ninachotaka ni uji."

"Utapata uji," akasema Bwana Ansgar, na alimaanisha. Barua iliondoka kwa treni iliyofuata. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mtu akiwa na matumaini hakumbuki ya wahenga.

Mtoto kwa wakati huo alikuwa ameanza kumtambua mtu. Siku moja alinyoosha mkono akakishika kidole cha Mektilda, akakipeleka mdomoni. Mektilda alimwita Mageni. Mara ya kwanza jina lilimkwama, mara ya pili likatoka. Angemwita jina lolote ambalo mtu angesema litamponya, lile la guku au la shetani mwenyewe.

Lakini habari zikaja kutoka Masumbwe kwamba mama mkwe wa Anisia ameanguka, na wale watoto wake wengine wawili wako peke yao. Anisia akaanza kufunga mizigo.

"Mwache huyu kwangu," Mektilda akamsihi.

"Bado ananyonya, dada. Na kituo je, hujasema kitafunguliwa?"

Hapo ndipo alipokosea. Mektilda angeweza kusema sijui. Angeweza kusema ngoja kwanza jibu lije. Lakini alikuwa ameona karatasi kwa macho yake, namba zimekaa sawa, ukweli wote umeandikwa, na aliiamini ile karatasi kama baba yake alivyoamini misale. "Kitafunguliwa," akasema. "Nenda. Kabla hujamaliza unga niliokupa, kitakuwa kimefunguliwa." Akawapandisha lori la Kahama, akamfunika mtoto vizuri dhidi ya vumbi, akasimama pale mpaka lori likapotea.

Jibu lilichukua muda kuja. Bwana Ansgar alimwita, akamkabidhi barua asome mwenyewe, yeye akageukia dirishani. Dar walishukuru kwa masahihisho. Walisema hata hivyo kwamba ikiwa karani amekiri kufanya makosa mengi kiasi hicho katika kuandika, basi jedwali la kwanza haliaminiki, na la pili nalo, lililoandikwa na karani huyohuyo, haliaminiki vilevile. Uamuzi wa kufunga vituo utabaki ulivyo hadi watoto wapimwe upya mwakani. Maziwa yameshapelekwa kwingine.

"Waandikie sababu ya kweli," Mektilda akasema. "Sasa hivi. Leo."

"Nimeshawaandikia," akajibu Bwana Ansgar akiwa bado anatazama dirishani. "Nilipopata hii barua niliwaandikia yote, mababu na wafumu na kila kitu. Lakini sasa inaonekana ninatafuta kisingizio." Akageuka kumtazama. "Nilikosea, Mektilda. Nilikosea."

Na akikosea yeye inamsaidia nini nani? Mektilda alitoka. Akatuma fedha na unga kwa dereva wa lori anayemfahamu, akatuma tena. Mvua, zilizokataa kunyesha miaka miwili, zikachagua mwezi huo kumwagika, daraja likachukuliwa, malori yakalala Tinde foleni nzima. Huyo dereva alirudi na magunia yake yakiwa yameloa.

Aliyeleta taarifa alikuwa mchuuzi mmoja aliyekuja dukani kununua mnyororo. Aliuliza kama hapa ndipo anapofanya kazi ndugu yake Mama Mageni. Mohamedali alizima jenereta kabla hajaenda kumwita, akijua kwamba siku hiyo hapatakuwa na kazi.

Mektilda alifika Masumbwe mtoto ameshazikwa. Alipita mbele ya kituo cha uji. Mlango umefungwa kwa kufuli, ndani ya uzio mbuzi wanakula majani yaliyoota. Nyumbani wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka asubuhi ile, sufuria ya maji iko motoni. Aliingia akilia, kwa sauti kama inavyopasa, na wengine wakamwitikia, kisha wakanyamaza wakampisha akae karibu na mdogo wake.

Anisia hakuwa analia tena. Alimshika mkono. "Pole na safari, dada." Alisema hivyo kwa upole tu, wala hakutaja kituo, na Mektilda aliona ni heri angetukanwa.

Kisha Anisia akasema, "Dada, ile mashine yenu. Mwanangu yumo?"

Mektilda akamjibu, "Yumo."

"Kwa jina gani? Lile la kwako au la guku?"

"Yote mawili. Kaandikwa Mihayo, na kaandikwa Mageni. Yumo mara mbili, Anisia."

Anisia akaangalia pale mlangoni ambapo watoto wake wawili waliobaki walikuwa wamechuchumaa wakisubiri chakula.

"Mara mbili," akasema. "Na hawakumwona hata mara moja."

Maji yalikuwa yanachemka. Mektilda akainuka, akachukua mwiko, akawakorogea wale wawili uji wa mtama, mwepesi, maana unga ulikuwa umebaki kidogo.